Unga Mchungu wa Sharnidhar

Mandi, 9 Oktoba 1978

Kwako Mama Lagan,

Sikuulizi hali, kwa sababu hali yenu nimeshaletewa hapa dukani bila kuiagiza. Jana alipita Nandlal, mchuuzi wa mashali anayechukua vitambaa kwa mume wangu. Anasema alipumzika kwako huko Sharnidhar, ukamkaribisha halua. Anasema halua ilikuwa na rangi ya udongo wa kukandikia ukuta. Alipouliza imepikwa kwa unga gani, ukamjibu kwa maringo kabisa: unga wa mkhanori.

Mama Lagan, huku Mandi mkhanori tunaujua. Ni ule mti wenye jani kama kiganja cha vidole saba, na tunda lake kokwa la kahawia linalong'aa kama jicho la farasi. Na ni farasi hasa wanaopewa, wakivimbiwa. Binadamu hali. Hata nyani wa hekaluni kwetu, wanaokula karatasi na nyuzi za magunia, ukiwatupia khanori huinusa wakakurudishia.

Tena anasema alimkuta binti yangu mtoni, mikono imekunjwa hadi viwikoni, anakoroga kapu linalotoa povu kama maji ya kufulia. Urmila! Mtoto niliyemsomesha mpaka darasa la kumi, hajawahi kuinua ndoo nyumbani kwangu, leo ana mimba ya miezi minne na anakoroga chakula cha farasi kwenye maji ya barafu. Kosa ni la mume wangu. Alisikia "mwalimu wa serikali" akasahau kuuliza mwalimu huyo katokea mlima gani.

Mwanao yuko kazini ng'ambo ya mlima wa Jalori, kwa hiyo nakuambia wewe. Binti yangu ale ngano. Kama hamna, semeni hamna, tutawatumia. Umaskini si aibu. Aibu ni kuupikia halua na kuwakaribisha wageni.

Najua husomi. Urmila ndiye atakayekusomea. Urmila, soma yote, usirukeruke, na penye maneno makali usipunguze sauti.

Dropti
mke wa Tarachand wa duka la vitambaa

*

Sharnidhar, 24 Oktoba 1978

Mama Urmila,

Binti yako amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza alirukaruka. Sijui kusoma karatasi lakini uso wa mtu naujua, nikamwambia arudie. Sasa anaandika mimi nikisema, na nimemwambia naye asirukeruke.

Huyo Nandlal wako alikula bakuli tatu za halua hiyo ya rangi ya udongo. Ya nne nilimnyima. Labda ndiyo iliyomuuma.

Ninyi watu wa bondeni mnaamini kitu kikiwa cheupe tu. Mchele mweupe, sukari nyeupe, unga mweupe, na maneno meupe yasiyo na chochote ndani. Mkhanori wangu uko juu ya nyumba, hakuna aliyeupanda. Mwezi wa Jeth, joto likianza, unasimamisha maua kama mishumaa, nyuki wanalewa, na asali yake Nandlal huyohuyo anakuja kuinunua kwangu akaiuze Mandi, nawe bila shaka unailamba. Bakuli ninazolia chakula zimechongwa kwa mti huo. Majani yake makavu ndiyo yanayowafikisha mbuzi wangu mpaka theluji iyeyuke. Mafuta ya kokwa napaka magotini, na povu lake nafulia mablanketi. Wewe gotini unapaka nini? Sukari?

Mchungu, ndiyo. Uchungu ndio mlinzi wake. Dubu ananiibia mahindi, nungunungu viazi, nyani tufaha. Khanori haiibi mtu wala mnyama. Tunaibandua ganda, tunaikausha, tunaisaga, tunauweka unga kwenye kapu lenye kitambaa chini ya maji yanayotiririka. Siku saba. Siku ya kwanza povu, siku ya tatu bado sumu, siku ya tano ulimi unakufa ganzi. Ya saba ni chakula. Nakuelezea polepole kwa kuwa naona kuelewa kwako ni kwa shida.

Mwaka huu mvua ya mawe imelaza mahindi. Nusu ya majira ya baridi tutaishi kwa mti huo. Mama yangu alinizaa kwa unga huo, nami nikamzaa Lagan, naye ndiye mwalimu wa serikali aliyemtia mumeo wazimu.

Binti yako ana mikono laini kupita kiasi lakini anajifunza. Kazi yake si mbaya. Usimwambie nimesema.

(Mama, nimemkumbusha kwamba mwandishi ni mimi. Anasema niandike tu.)

Alama ya kidole ni yangu, Jhabli. Mwandiko ni wa binti yako, ndiyo maana umependeza.

*

Mandi, 6 Novemba 1978

Mwanangu Urmila,

Barua hii nimeishona ndani ya gunia, kona ya chini, kwa uzi mwekundu. Najua wewe ndiye utakayelifungua, maana huyo bibi hatagusa kitu cheupe asije akachafuka.

Ndani ya gunia kuna unga mweupe, sukari, tangawizi kavu, na samli kwenye bati. Ni vyako. Usigawe kwa heshima wala kwa aibu.

Sasa nisikilize, na usimsomee mtu. Nimekwenda kwa tabibu wa mtaa wa juu. Nikamuuliza habari za khanori. Kasema ndama akiila anatetemeka miguu, anaanguka, anakufa. Kasema kuna watu huitwanga wakaimwaga kwenye kidimbwi, samaki wote wakaelea juu matumbo wazi. Nikamuuliza, na mwenye mimba? Akanitazama tu, akatikisa kichwa. Mambo ya kuosha siku saba sikumwambia. Hata kinyesi ukikiosha siku saba kinabaki kinyesi.

Mkwe wako anakulisha sumu kwa sababu mama yake alilishwa sumu, na hataacha kwa kuambiwa, maana amejaa kiburi kama huo mti wake unavyojaa kokwa. Kwa hiyo usibishane naye. Unga wote wa mkhanori ulio mtoni, na uliokwisha kuanikwa, mwaga. Mwambie maji yamefurika yakachukua. Atanung'unika siku mbili atanyamaza. Ukiisha unga mweupe, tuma neno, nitaleta mwingine. Basi linafika Banjar, chini ya mlima wenu, kila siku.

Nakuagiza kama mama yako. Ukikataa, nitajua nani amekuwa mama yako siku hizi.

Dropti

*

Sharnidhar, 27 Novemba 1978

Mama Urmila,

Gunia lako limefika mgongoni mwa farasi wa Khube Ram, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Farasi alikuwa mzima alipolitua, kwa hiyo nadhani unga wako haudhuru.

Binti yako amenipikia chapati moja nionje. Nilidhani nimetia kitambaa kibichi mdomoni. Unatafuna, unatafuna, hakuna kinachokujibu. Nimemwambia ale yeye, mtoto wa tumboni ana nusu ya damu ya Mandi, labda nusu hiyo inapenda vitambaa.

Wewe umelituma ili kunicheka kwamba sina kitu. Basi cheka vizuri, nitakuongezea. Juzi maji yamechukua unga wangu. Makapu mawili ya mtoni, na la tatu nililokuwa nimelianika kwenye mwamba. Miaka arobaini naosha khanori mahali pale pale na sijawahi kupoteza hata konzi. Nimekwenda nimeyatazama mawe niliyozuilia makapu. Nadhani niliyapanga vibaya. Macho yangu yamezeeka, au mikono. Zimebaki kokwa chache za kufulia, na mahindi yaliyolala. Tutaona.

Usimwambie mumeo. Na usijifanye kunihurumia, sitaki.

Jhabli, kidole changu.

Mama, hapa chini naandika mwenyewe, yeye anadhani natia tarehe. Nimefanya ulivyoniagiza. Nilimwaga alipokwenda kukata kuni. Maji yalikuwa meupe mpaka kwenye kona ya mto. Aliporudi nikamwambia, naye hakuniuliza hata swali moja. Alikwenda akakaa juu ya jiwe. Kisha akarudi akaniambia nivae soksi.

Usiniandikie tena mambo ya kushona gunia.

Urmila

*

Mandi, 14 Januari 1979

Kwako Mama Lagan,

Barua tatu nimeandika tangu Desemba, zote kimya. Tarishi anasema njia ya kwenu imefungwa na theluji. Tarishi naye katokea milimani, sina sababu ya kumwamini.

Nilidhani nikiwatumia unga mweupe mtapata angalau nguvu za kushika kalamu. Mnakula nini huko, mawe? Au umemkataza binti yangu kuniandikia kwa kuwa sifa za unga wangu zilikuchoma? Maana najua ulikula. Mtu anayejisifu hapendi kitu ndiye anayekombeleza bakuli la mwisho.

Mwezi ujao ni sikukuu ya Shivaratri. Miungu yote ya milimani itashuka Mandi ikibebwa mabegani, na wa kwenu akiwamo. Hata miungu yenu inajua mahali pa kula vizuri. Nataka Urmila ashuke na msafara huo, ajifungulie nyumbani kwake, juu ya kitanda, mkunga akiwa amenawa mikono. Wewe ubaki na mti wako. Mkumbatie, mzae naye matoto ya kahawia.

Nasubiri jibu. Kama huna la kusema, ni mara yako ya kwanza.

Dropti

*

Sharnidhar, 18 Februari 1979

Mama,

Jana njia imefunguka na tarishi ameleta barua zako nne kwa pamoja. Nimezisoma peke yangu. Hii ya Januari sikumsomea Mama Mkwe. Nimemwambia unasalimu.

Umeuliza tunakula nini. Nitakuambia.

Tarehe ishirini na saba Desemba theluji iliporomoka upande wa juu, ikaziba korongo na kuvunja daraja. Nyumba yetu ndiyo pekee iliyo upande huu, unajua. Khube Ram tulikuwa tunamwona anatupungia mkono, lakini sauti haifiki. Lagan yuko ng'ambo ya Jalori, asingeweza kuvuka hata angekuwa ndege.

Mahindi yalikuwa debe moja na kidogo. Viazi vilishikwa na barafu vikaoza. Mbuzi walikuwa wamekauka maziwa, na kuwachinja Mama Mkwe alikataa. Unga wako mweupe Mama Mkwe aliuweka juu ya rafu akasema huo ni wangu. Kila mara nilipomkaribisha alisema, "Mimi hicho kitambaa chenu siwezi." Alisema yeye hula mahindi mapema, kabla sijaamka, kwa sababu tumbo la mzee halipendi kungoja. Nikaamini. Niliamini kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini, Mama. Nilikuwa na njaa ya watu wawili.

Siku moja asubuhi nilifungua debe la mahindi nimpimie mbuzi mgonjwa. Lilikuwa tupu, na halikuisha jana. Utando wa buibui ulikuwa ndani. Nikamuuliza unakula nini? Akasema, "Unadhani nimemwolea mwanangu mkaguzi wa madebe?" Nilifunua sufuria yake jikoni. Maji moto na chumvi.

Nikakanda chapati zangu zote za siku hiyo nikamwekea mbele. Hakuzigusa. Nikalia. Nikamwambia usipokula na mimi sili. Akakasirika kweli. Akasema, "Haya, nakula. Lakini nakula changu." Akatoa zile kokwa za kufulia mablanketi, akazisaga kwa jiwe. Mto ulikuwa umeganda wote, hakuna uzi wa maji unaotiririka. Akawa anayeyusha theluji kwenye chungu, anaosha, anamwaga, anaosha tena. Siku tatu tu. Nilimwambia bado nne. Akasema, "Wewe uliyekuja mwaka jana ndiye utakayenifundisha khanori?"

Alikula mchana, mbele yangu, chapati mbili, akaniambia, "Umeridhika sasa?" Alasiri akaanza kutapika. Kisha miguu ikaanza kutetemeka, kama alivyosema tabibu wako kuhusu ndama. Alijaribu kusimama akaanguka karibu na moto nikamvuta kwa mabega. Ulimi ukawa mzito. Macho meusi yote, mboni imemeza rangi. Siku mbili nilimnywesha maji ya uvuguvugu kwa kijiko, naye alipoweza kusema neno la kwanza alisema, "Usiniinue. Mtoto." Neno la pili alisema, "Unalia nini, nimekufa?"

Siku ya tano ya ugonjwa Khube Ram na kaka zake walivuka kwa kamba. Walimbeba mgongoni mpaka kijijini, nami nikafuata nimefungwa kamba kiunoni kama mbuzi. Watu walitupatia mahindi, dengu, samli. Kila nyumba ilileta. Amepona, isipokuwa miguu. Anakwenda kwa fimbo mbili na anaichapa fimbo kila inapoteleza.

Sasa sikiliza lililobaki, ndilo linaloniua. Kila anayekuja kumwona, yeye anamsimulia jinsi alivyozeeka mpaka akapanga mawe vibaya na maji yakamwibia unga. Anacheka, wanacheka. Mimi nimekaa pembeni namimina chai. Nimefungua mdomo mara kumi. Sijasema.

Na wewe huko uliandika kwamba anakombeleza bakuli.

Sitashuka kwa Shivaratri. Siwezi kutembea, na hata ningeweza nisingekuja. Usinitumie gunia. Sitaki kitu chochote cheupe kutoka kwako.

Urmila

*

Sharnidhar, 29 Machi 1979

Baba Urmila,

Najua umetafuta funguo za kabati la chakula nyumba nzima. Ninazo. Kula kwa dada yako.

Umepata mjukuu. Msichana, amezaliwa tarehe kumi na mbili, mzima, ana sauti ya dalali. Urmila ni mzima pia. Haya nimeyaweka mwanzo ili usije ukasoma barua hii umesimama.

Sasa nikueleze mahali ulikomwozesha binti yako. Basi lilinitua Banjar nikapanda kwa miguu tangu alfajiri. Si njia, ni ngazi iliyobomoka. Nyumba ni ya magogo na mawe, chini mbuzi, juu watu, na moshi haujui kama unatoka au unaingia. Choo sitaki kukueleza. Mkweo Lagan amefika kutoka ng'ambo, amekaa mlangoni anatutazama wanawake watatu kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Urmila aliponiona hakuinuka. Hakunisalimu kwa siku mbili. Alinipa chai kwa mkono wa kulia na uso akaupeleka kushoto. Nilistahili, lakini usimwambie nimekubali.

Na huyo Mama Lagan! Nilitarajia mgonjwa. Nilimkuta amekaa juani, fimbo mbili magotini, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa. Akanitazama kutoka viatuni kupanda juu.

"Ndiye huyu?" akamuuliza mwanawe. "Barua zake zilikuwa kubwa kuliko yeye."

"Na wewe nilidhani utakuwa na meno zaidi," nikamjibu, "kwa jinsi unavyouma."

"Yapo matatu. Yanatosha kwa watu wa Mandi."

Hiyo ndiyo salamu yetu. Nilipotaka kumsaidia kuinuka alinisukuma kwa fimbo. Nilipompikia uji alisema umepikwa na mtu anayelipiza kisasi. Mtoto alipozaliwa, mimi nikiwa nimemshika Urmila mabega na yeye amekaa sakafuni anampokea, kitu cha kwanza alichosema ni, "Pua ya Mandi. Pole, mtoto." Nami nikasema afadhali pua ya Mandi kuliko masikio ya Sharnidhar. Urmila akacheka, Baba Urmila. Katikati ya jasho na machozi alicheka, na tangu hapo ananisemesha.

Wiki iliyopita Urmila alikuwa amelala na mtoto. Mama Lagan alikuwa juani, mimi nachambua dengu karibu naye. Kuna jambo ambalo wewe hulijui, nitakueleza nikirudi, nawe utanipigia kelele na una haki. Kwa kifupi, ule unga wao wa mkhanori uliopotea mtoni, haukuchukuliwa na maji. Ni mimi niliyemwagiza Urmila aumwage. Ndiyo maana walilala njaa. Ndiyo maana huyu mwanamke hana miguu.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Banjar. Yote yalinikimbia. Nikasema tu, "Mama Lagan, ule unga. Usimlaumu Urmila wala macho yako. Ni mimi."

Hakuacha hata kujikuna. "Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Nilijua siku ileile. Nilipofika mtoni nikakuta vile vitambaa vya kapu vimefuliwa, vimekamuliwa, vimekunjwa vinne, vimepangwa juu ya jiwe. Maji ya mto wangu nayafahamu tangu niolewe. Hayajawahi kunikunjia nguo." Akatema mate pembeni. "Umemlea vizuri. Hata akiharibu anaacha pasafi."

Nilishindwa kuinua uso kwenye sinia la dengu. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Kwa nini alijisingizia uzee kwa kijiji kizima.

"Ningesema, angefanya nini? Angeona aibu. Na binti wa kwenu akiona aibu anakimbilia kwa mama yake. Theluji ilikuwa inakuja. Angeshuka peke yake na tumbo lile, angekutwa njiani." Akanigeukia na yale macho yake. "Tena angeondoka, nani angenisomea matusi yako? Ndiyo yaliyokuwa yakinipasha moto."

Nikalia, Baba Urmila. Mbele yake! Akaniacha nilie mpaka mwisho, kisha akasema nimelowesha dengu na zitachipua.

Alitaka kuniapisha nisimwambie Urmila kwamba anajua. Nikamwambia hapana, hilo siwezi, mtoto anajila moyo. Tukagombana mpaka Lagan akatoka nje kuangalia kuna nini. Mwishowe Urmila mwenyewe alikuja, amembeba mtoto, akapiga magoti pale udongoni akasema yote. Yule bibi akamsikiliza kana kwamba anasikia mara ya kwanza, akaguna, akasema, "Umemaliza? Basi mpe mtoto titi, analia." Nikaendelea kuchambua dengu. Waache wamalizane wanavyojua.

Sasa utaniuliza mbona sirudi. Khube Ram alileta gunia la kokwa za mkhanori zilizosalia kwake, na barafu ya mto imeyeyuka. Mama Lagan hawezi kufika mtoni. Urmila bado hajatimiza siku zake za uzazi. Lagan alijaribu, mama yake akasema anakoroga kama anayefuta ubao. Kwa hiyo mimi. Mimi Dropti, nimekunja mikono hadi viwikoni kwenye maji yanayokata mifupa, na yule mzee amebebwa akaketishwa juu ya jiwe kunisimamia.

"Polepole! Hufui suruali!" "Geuza mpaka chini, au chini unaogopa?" "Mikono gani hiyo, ya nta?" Siku saba, Baba Urmila. Siku ya kwanza povu lilinifika begani. Siku ya tano nilionja kidogo, ulimi ukafa ganzi mpaka adhuhuri, na furaha aliyokuwa nayo kwa kuwa sikuweza kusema, sitaisahau.

Jana ilikuwa ya saba. Maji yalitoka maangavu kabisa. Tukakanda, Urmila akachoma chapati ya kwanza. Hapa desturi ni mzee wa nyumba aonje kabla ya wote, na Mama Lagan akanyoosha mkono.

Nikaichukua mimi.

"Mwizi," akasema.

Nikaila yote, mbele yake, bila samli wala chumvi. Ina ladha ya kitu kilichokuwa na hasira kikapoa. Nikakaa. Nikamwambia hatagusa hata tonge mpaka nijue nimeosha sawasawa. Alitukana weee, akachapa jiwe kwa fimbo, akasema chakula kinapoa, akasema watu wa Mandi hawana adabu. Nikavuta sahani kwangu. Jua likatoka kwenye paa likafika mlangoni, likatoka mlangoni likafika kwa mbuzi. Miguu yangu ilikuwa imara. Niliitazama muda wote.

Mwishowe akainama akanichungulia usoni karibu kabisa.

"Bado hujafa?"

"Bado."

"Basi lete ya kwangu," akasema, "na upake samli, usiwe bahili."

Dropti